Weita Analipwa na Nani?

Hoja iliyo mezani ni fupi: anayekula hotelini Nakuru hana deni la bakshishi. Naiunga mkono, ingawa si kwa sababu ambazo wengi wanaoiunga mkono huzitoa. Mjadala huu umeiva hapa kuliko sehemu nyingi za Kenya kwa kuwa mji wenyewe umebadilika upesi. Nakuru ilitangazwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini namna watu wanavyokula ilikuwa imeanza kugeuka kabla ya hapo. Leo kibanda cha chapati na maharagwe hupakana na mkahawa wenye menyu ya kurasa nane, na mtu yuleyule huweza kula kibandani Jumatatu na mkahawani Jumapili. Kibandani hakuna anayetarajia zaidi ya bei. Mkahawani bili huletwa ndani ya kijitabu cheusi, mhudumu hukiweka mezani, husogea hatua mbili, kisha hujifanya anapanga vijiko. Kila mtu pale anajua anachosubiri, na hakuna anayejua kiasi. Sauti nilizoziweka hapa chini si za watu fulani. Ni misimamo inayosikika mezani, jikoni na ofisini kwa meneja, nami nimeupa kila mmoja nafasi ya kusema kabla ya kuujibu.

MTEJA: Mimi nimeagiza, nimekula, nimelipa. Bei niliyoiona kwenye menyu ndiyo tuliyokubaliana. Makanga akinifikisha Naivasha simwachii kitu, fundi wa viatu simwachii kitu, na mama mboga ndiye huniongezea mimi. Weita ana nini cha pekee? Tena risiti yenyewe imejaa makato. Si hayo makato ndiyo yenu?

Mteja huyu ana haki katika nusu ya kwanza ya maneno yake. Katika masoko yetu nyongeza hutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi: nyanya mbili juu ya fungu, konzi ya maharagwe baada ya gorogoro kujaa. Bakshishi inageuza mkondo huo, na inaonekana kwa urahisi zaidi pale ambapo wateja ni wageni wa mbali, kwenye kambi za Elementaita, hoteli za kando ya Moi South Lake Road kule Naivasha na nyumba za kulala wageni ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Mmarekani huja na desturi ya kwao. Huko kiwango cha chini cha mshahara cha serikali kuu kwa mfanyakazi anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na hakijaguswa tangu 1991, ilhali kiwango cha kawaida ni dola 7.25. Bakshishi ndiyo inayotarajiwa kuziba pengo, na mwajiri huongeza pale tu isipotosha. Mmarekani asipoacha kitu mezani, amepunguza mshahara wa mtu. Sheria ya Kenya haina kiwango pungufu cha namna hiyo. Anayebeba sahani Nakuru anastahili kima chake kizima hata kama hakuna mteja aliyemwachia shilingi moja. Kwa hiyo mteja wetu hajapunguza mshahara wa yeyote, na kama mshahara huo umepungua kuna mtu mwingine wa kuulizwa.

Katika habari ya risiti, hata hivyo, mteja amekosea, na kosa lake ni la watu wengi. Asilimia 16 ya VAT ni ya serikali. Asilimia 2 inayofuata, ambayo bado wengi huiita catering levy, ni ushuru wa utalii unaokwenda kwenye Hazina ya Utalii, ileile ambayo tangu zamani imekuwa ikigharamia mafunzo ya wahudumu na wapishi katika Chuo cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975. Hakuna hata senti ya makato hayo mawili inayomfikia aliyekuletea maji ya kunawa. Mstari wa tatu ndio wa kuangaliwa, ule wa ada ya huduma, ambao baadhi ya hoteli huuweka na nyingine hazina. Sheria ya VAT ya 2013, pamoja na marekebisho yake, inaizungumzia ada hii waziwazi: inayotozwa badala ya bakshishi haihesabiwi katika thamani inayotozwa kodi, mradi igawiwe wafanyakazi moja kwa moja kulingana na mapatano ya maandishi kati yao na mwajiri, na isizidi asilimia 10 ya bei. Serikali yenyewe imekubali kuacha kodi yake ili pesa hiyo ifike jikoni na ukumbini. Basi mteja aliyelipa ada ya huduma ameshatoa bakshishi, na akiondoka bila kuacha kitu kingine hana sababu ya kuinamisha kichwa. Kinachobaki ni kujua kama pesa hiyo iligawiwa kweli, na swali hilo jibu lake haliko kwenye kijitabu cheusi.

MHUDUMU: Mkubwa, unaongea hivyo kwa sababu umeshiba. Mshahara wangu nikitoa nyumba ya Kaptembwo, nauli na unga, umeisha kabla ya tarehe kumi. Jumapili nzuri nikipata meza tano za familia zinazotoka kanisani, narudi nyumbani na pesa ya stima na ya vitabu vya mtoto. Ukiwafundisha watu kwamba hawana deni, utanilisha wewe?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halijibiwi kwa kutaja sheria peke yake. Tuanze na mshahara wenyewe. Katika agizo la mishahara la 2022, kima cha chini kabisa, cha kibarua wa kawaida, kilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi katika majiji makubwa, 14,025.40 katika miji iliyokuwa manispaa, na 8,109.90 katika sehemu nyingine zote za nchi. Weita amewekwa mstari mmoja na mpishi, turniboi na mchonga mawe, hatua moja tu juu ya kibarua huyo. Novemba 2024 viwango hivi viliongezwa kwa asilimia 6. Tazama pengo lililopo kati ya nambari ya kwanza na ya mwisho. Mtu anaweza kubeba sinia ileile, kwa wateja walewale waliotoka Nairobi, akastahili zaidi kidogo tu ya nusu kwa sababu meza yake iko kando ya barabara nje ya mipaka ya mji. Mhudumu anaposema haumtoshi, hatungi uongo. Anasoma hesabu yake vizuri.

Lakini tumfuate na hiyo pesa ya Jumapili, tuone inamfikisha wapi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka akiwa na malipo kamili, inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu akiwa na malipo kamili, na inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi amlipe anayeondoka angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Haya yote hupimwa kwa mshahara. Michango ya NSSF nayo hupimwa kwa mshahara. Mhudumu ambaye nusu ya riziki yake ni noti zilizokunjwa chini ya kisahani, akijifungua atalipwa nusu ya kile alichozoea kuishi nacho, akistaafu pensheni yake itakuwa imejengwa juu ya nusu, na akienda kuomba mkopo benki itaiona nusu. Bakshishi inamlisha Jumapili na kumwacha Jumatatu ya maisha yake bila kitu.

Nakuru ilishuhudia jambo hili likitokea kwa siku moja. Tarehe 26 Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti tano kuwa eneo moja kwa sababu ya Covid-19: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Baa zilifungwa, na hoteli zikaruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu mpaka masharti yalipolegezwa mwanzoni mwa Mei. Mwenye mshahara alikuwa na kitu cha kudai, hata kama alilipwa nusu au kwa kuchelewa. Mwenye kutegemea meza hakuwa na wa kumdai, kwa kuwa anayechukua chakula mlangoni kwenye mfuko wa karatasi haachi chenji. Ndiyo maana siwezi kumwambia mhudumu kwamba bakshishi ni rafiki yake. Ni pesa nzuri ikija juu ya mshahara. Ikija mahali pa mshahara, inamfanya abebe hasara za biashara ambayo si yake: mvua ikinyesha ni yeye, barabara ikifungwa ni yeye, shule zikifunguliwa na wazazi wakafilisika mwezi wa Januari ni yeye. Hoja yetu haimkatazi mtu kutoa. Inakataa kuiita zawadi deni, kwa sababu siku mteja atakapokubali kwamba ni deni lake, mwajiri ataacha kuliona kuwa lake.

MWENYE HOTELI: Mnaongea kama watu ambao hawajawahi kulipa leseni. Mafuta ya kupikia yamepanda, gesi imepanda, kodi ya nyumba ndiyo usiseme. Nikipandisha mishahara nitapandisha bei, na nikiongeza mia kwenye kuku wa kienyeji mteja anavuka barabara. Na hao wahudumu wenyewe wamekubali. Wapo wanaokuja kuomba kazi hata bila mshahara, mradi wapewe meza za mbele.

Sentensi yake ya mwisho inasema zaidi ya alivyokusudia. Mtu anayefanya kazi bila mshahara kwa ahadi ya meza za mbele ameajiriwa kinyume cha sheria, na kukubali kwake hakubadilishi jambo, kwa kuwa kima cha chini hakiuzwi wala hakiombewi punguzo na mwenye njaa. Ila tuache sheria kidogo tuangalie hesabu, maana hapo ndipo mwenye hoteli hujiona ana nguvu. Chukua familia iliyokula chakula cha shilingi 2,000. Kama hoteli inategemea familia hiyo iache asilimia 10, basi mlo huo umewagharimu 2,200. Kama hoteli imeandika 2,200 kwenye menyu na kumlipa mhudumu ipasavyo, mlo umewagharimu 2,200. Pesa ni ileile. Tofauti ni kwamba katika hali ya pili familia ilijua kabla ya kukaa, na katika ya kwanza mhudumu alilazimika kutabasamu saa nzima bila kujua kama 200 zipo. Wafaransa walishamaliza ubishi huu: tangu 1987 bei inayoandikwa kwenye menyu ni lazima iwe imejumuisha huduma, na hatujasikia kwamba mikahawa ya Paris imekosa watu.

Hofu yake ya jirani wa ng'ambo ya barabara ni ya kweli, lakini haielekei anakodhani. Anayeuza kuku kwa bei nafuu kwa sababu wahudumu wake hawalipwi hashindani kwa upishi. Dawa yake ni afisa wa kazi anayekagua hoteli zote mbili, na chama kinachosimama na wafanyakazi wa zote mbili. Chama kipo, KUDHEIHA, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiketi na chama cha wenye hoteli kukubaliana juu ya mishahara. Tatizo ni kwamba mapatano hayo huzifikia hoteli kubwa na kupita juu ya mkahawa wa watu kumi na wawili. Mji huu haukosi mazoea ya vyama. Makao makuu ya KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba, yako hapahapa. Mchuma maua wa Naivasha ana mkataba wa pamoja unaomtaja. Weita anayemwandalia chakula mchuma maua huyo mara nyingi hana.

Na mfikirie huyo mchuma maua akiwa mteja. Wenye kutetea bakshishi huwa na picha ya mgeni mwenye kofia ya safari au kundi la vijana wa Nairobi waliokuja kwenye Safari Rally, ambayo tangu 2021 imeirudisha Naivasha kwenye ramani ya dunia. Siku nyingine zote za mwaka wanaokula katika hoteli za Bonde la Ufa la kati ni walimu, madereva wa trela waliopumzika Salgaa, wanafunzi wa Egerton, wauzaji wa viazi kutoka Molo, na watu wa mashamba ya maua. Kuwaambia hawa kwamba wana wajibu wa kujazia mshahara wa mhudumu ni kumtoza maskini ili apunguziwe tajiri gharama. Sioni haki hapo hata nikiigeuza vipi.

MCHOMAJI: Mmesema weita, weita. Mimi niko kwenye moshi tangu saa kumi na mbili asubuhi na hakuna aliyenitaja.

Anazungumza kutoka Kikopey, karibu na Gilgil, kwenye ile safu ya vibanda vya nyama choma ambayo kila msafiri wa barabara ya Nairobi na Nakuru anaijua kwa harufu. Ukitaka kuona udhaifu wa bakshishi kwa karibu, nenda na nyama yako hatua kwa hatua. Kijana wa barabarani ndiye amekupungia mkono mpaka ukaegesha gari. Mwenye bucha amekata mbavu, amepima kilo mbili, amechanja na kuzitia alama ili zisichanganyike na za mwingine. Mchomaji amezigeuza kwa muda wa saa nzima juu ya makaa, akijua kwamba mafuta yakidondoka moto utapanda na utaunguza nje huku ndani kukiwa kubichi. Mwanamke nyuma amesonga ugali na kukatakata kachumbari. Mwingine ataosha. Mwisho kabisa anakuja mtu mmoja na ubao, kisu, chumvi kando, na birika la maji ya kunawa. Anakata vipande mbele yako, anakuchekesha kidogo, na mkono wako unapoingia mfukoni unakutana na mkono wake. Ana haki ya kushukuriwa, lakini ndiye aliyeishughulikia nyama hiyo kwa muda mfupi kuliko wote. Bakshishi humlipa anayeonekana. Mahali penye kazi ya watu sita, kumlipa wa sita kwa kazi ya wote si shukrani iliyopimwa vizuri, na ndiyo maana wale watano huishia kumnunia mwenzao.

MTEJA: Sawa, lakini mkiondoa bakshishi, huyo weita atanijali kwa nini? Akijua analipwa nikifurahi nisifurahi, nitakaa nikipiga meza mpaka jioni.

Pingamizi hili linaaminiwa karibu na kila mtu, na ushahidi wake ni mwembamba. Michael Lynn, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell ambaye ameichunguza bakshishi kwa miongo kadhaa katika nchi inayoitoa kuliko nyingine zote, amekuta kwamba uhusiano kati ya ubora wa huduma na kiasi kinachoachwa upo, lakini ni mdogo sana. Kinachoamua zaidi ni ukubwa wa bili na mazoea ya mtoaji. Mtu wa kutoa asilimia fulani huitoa hata chai ikija baridi, na asiyetoa hatoi hata akibebwa. Kama ni hivyo huko, kwetu ambako wengi hawatoi kabisa, mhudumu atajifunza nini? Atajifunza kuwachagua wateja. Atalikimbilia gari lenye nambari za ubalozi na kumwacha mama mwenye watoto watatu, kwa kuwa uzoefu umemwonyesha nani huacha na nani haachi. Huduma mbaya anayoiogopa mteja wetu tayari ipo, na bakshishi ni mojawapo ya vyanzo vyake. Tena, choma ikichelewa ni makaa, pilau ikiisha ni mpishi, bili ikikosewa ni keshia, si weita. Kwa upande wa pili kuna kibanda, ambako hakuna aliyewahi kuacha bakshishi na bado mama anakumbuka kwamba hupendi pilipili na kwamba jana ulikopa shilingi thelathini. Anakujali kwa sababu anataka urudi kesho, na kazi ya mwenye mkahawa ni kumfanya mhudumu wake naye atake hivyo, kwa mshahara unaomfanya abaki hapo zaidi ya miezi mitatu.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba bakshishi ni mlango wa rushwa, kwamba anayezoea kumpa weita ya chai atampa na askari. Hilo silikubali. Mhudumu hana mamlaka juu yako, na hupewa baada ya kazi, hadharani, bila kukunyima kitu usipotoa. Anayepewa ili akupe meza ambayo mwenzako ameiwekea nafasi, huyo ni habari nyingine.

MHUDUMU: Basi tuseme mtu anataka kunipa kwa hiari yake, kama unavyosema. Siku hizi hata hiyo haifiki. Wote wanalipa kwa simu.

Amegusa jambo ambalo limebadilisha desturi hii kuliko hotuba yoyote. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani. Ilipoingia kwenye kaunta kwa nambari za till, iliua chenji, na chenji ndiyo iliyokuwa bakshishi ya Mkenya wa kawaida. Hatukuwahi kuwa watu wa kupiga asilimia 10 ya bili; tulikuwa watu wa kutoa noti ya elfu moja kwa bili ya 940 na kusema hiyo sitini ni yako. Leo mteja analipa 940 kamili, anaonyesha ujumbe, anaondoka. Na yule mwenye moyo anayeandika 1,000 badala ya 940 hajui kwamba sitini yake imeingia kwenye akaunti ya mwenye hoteli pamoja na pesa ya kuku. Huenda ikatolewa jioni, huenda isitolewe. Mhudumu hana namna ya kuidai kwa sababu hakuna karatasi iliyoiandika kwa jina lake. Waingereza waliona pengo kama hili na kutunga sheria mwaka 2023, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba 2024: mwajiri hana ruhusa ya kukata chochote kwenye bakshishi, ni lazima aigawe kwa haki, na ni lazima aweke kumbukumbu ambazo mfanyakazi anaweza kuomba kuziona. Bunge letu lingeweza kuikopa bila aibu.

Ushauri unaotolewa haraka ni kwamba mteja amtumie mhudumu moja kwa moja kwa simu yake. Kwa mwanamume huenda ikawa sawa. Kwa msichana wa miaka ishirini na miwili anayehudumia meza ya wanaume wanne waliokunywa tangu mchana, kutaja nambari ni kuwapa njia ya kumpigia saa sita za usiku, na hiyo M-Pesa itawaonyesha na jina lake. Shilingi mia mbili zinakuwa tiketi. Sheria ya Ajira inakataza unyanyasaji wa kingono kazini na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuuhusu, lakini sera haizimi simu. Hapa ndipo naona ubaya wa ndani kabisa wa riziki ya bakshishi: inamnyima mhudumu uwezo wa kusema hapana. Mwenye mshahara unaotosha anaweza kumkazia macho mteja aliyemshika kiuno. Anayengoja chenji yake atacheka.

MWENYE HOTELI: Kwa hiyo mnataka nifanye nini? Niandike ukutani kwamba bakshishi ni marufuku?

Hapana. Marufuku hazijafua dafu. Jimbo la Washington kule Marekani lilipiga bakshishi marufuku mwaka 1909 na kufikia 1913 lilikuwa limeifuta sheria hiyo. Anachotakiwa kufanya mwenye hoteli ni kidogo kuliko hicho, na ni kigumu zaidi. Alipe kima cha chini kizima kabla ya kuhesabu shilingi ya mteja. Asimkate mhudumu fidia ya mteja aliyetoroka bila kulipa, kwa kuwa sheria inaruhusu kukata upungufu wa pesa kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake umemkabidhi pesa hizo, tena uwe umetokana na uzembe au ulaghai wake, si kwa yule aliyekuwa jikoni akifuata chapati. Kama anatoza ada ya huduma, abandike mapatano ya kuigawa mahali ambapo mpishi, muosha vyombo na mteja wanaweza kuyasoma, kwa maana bila mapatano hayo hata nafuu ya VAT haimstahili. Na kama wateja wake wanapenda kuacha kitu kwa simu, afungue till ya pili ya wafanyakazi peke yao, iwe na jina lake yenyewe, na pesa zake zigawanywe kila wiki mbele ya wote.

Naunga mkono hoja, basi, na kuongeza ombi moja kwa msomaji anayekula nje. Ukipenda kutoa, toa taslimu, mkononi, na umuulize mhudumu kama na wa jikoni hupata. Ukiona ada ya huduma kwenye risiti, usiongeze kitu. Muite meneja umwombe akuonyeshe mapatano ya kuigawa. Kama hana, mwambie aifute kwenye bili yako.